Meno ya Msumeno

Mimi ndiye niliyewaletea barua,
miaka ishirini na tisa, sanduku kwa sanduku,
na kazi ya posta hufunza pua kabla ya macho.
Kwa Wendell Ogletree, kila Jumamosi ya pili,
mvuke wa shayiri ulipenya chini ya mlango wa gereji
kama uji uliosahauliwa motoni na mtu mwenye furaha.

Vifurushi vyake vilikuwa vyepesi,
vikinuka nyasi mbichi na ganda la chungwa.
"Majani ya chai," alisema,
nami nikaitika kama mtu anayeamini.
Hata siku moja mvua ikanikamata barazani pake,
akanimiminia bilauri, rangi ya shaba,
povu zito kama la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.
"Haya," akasema, "sasa na wewe ni mhalifu."
Nikanywa.
Uhalifu ulikuwa mchungu kidogo mwanzoni,
kisha mkate, kisha asali, kwa mbali.

Alabama ya siku hizo,
dukani ungenunua bia ya kiwanda kreti juu ya kreti
mpaka gari likae chini kama kuku anayeatamia.
Lakini uchemshe yako, ndoo moja, nyumbani mwako,
hilo lilikuwa kosa.
Bunduki Wendell alikuwa nazo tatu, zimetundikwa ukutani.
Alichofunika shuka ni sufuria.

Tulikuwa watano.
Lurleen wa maabara ya hospitali,
aliyelea hamira kama mtoto njiti, kipimajoto mkononi.
Mchungaji Cleophus, mstaafu,
ambaye alipoulizwa kuhusu dhamiri alijibu:
"Kule Kana hakuna aliyedai leseni."
Na Hoyt Stallworth wa ng'ambo ya barabara, fundi bomba,
mikono kama makasia, sauti kama ya mgonjwa,
kwa sababu sote tulinong'ona,
huku mtungi kwenye kona ukicheua usiku kucha,
blup,
blup,
ukitusengenya.

Mwezi Mei, elfu mbili kumi na tatu, gavana akatia sahihi.
Tukafungua mlango wa gereji mchana kweupe.
Nzi wakaingia. Mtoto wa jirani akachungulia, hakuona la maana, akaenda zake.
Lurleen akasoma sheria kwa sauti:
galoni kumi na tano kila miezi mitatu.
Wendell akapiga hesabu kwa chaki, akacheka,
"Sijawahi kufika hata kumi!"
Tukagonga bilauri kwa kelele, makusudi,
tukinywa bila kusikiliza matairi barabarani.

Lurleen hakuwa amemaliza.
Kulikuwa na mstari wa mwisho:
kaunti kavu hazihusiki.

Hoyt akaweka bilauri chini, taratibu,
kama anayeirudisha.

Husemwa sheria ni msumeno.
Sawa. Huu ulipita katikati ya lami,
juu ya ule mstari wa njano uliokwisha kufifia:
huku kaunti yetu, kule kaunti yake.
Hatua kumi na moja. Nimezihesabu.
Bia ileile, maji ya kisima kilekile,
huku burudani, kule mashtaka.

Sufuria yake aliileta kwa Wendell na toroli,
akiisukuma kama anayepeleka mgonjwa.
Kunywa alikunywa. Lakini jioni, kwake, barazani,
alikaa na chai ya barafu, akiitazama gereji yetu inayowaka taa.

Sasa, jambo moja ambalo mtu wa posta tu hulijali:
njia ile masanduku yote yako upande mmoja,
ili gari lisivuke.
Sanduku la Hoyt liko upande wa Wendell.

Kila siku saa kumi na mbili huvuka kufuata barua zake,
bili, tangazo la mbegu, kadi ya dada yake,
na nyuma kabisa, imezungushiwa gazeti,
chupa moja ya baridi.
Huinywa palepale, wima, mkono juu ya sanduku,
hana haraka,
kisha hurudi nyumbani na barua.

Kutia kitu kisicho na stempu sandukuni
nako ni kosa.
Najua. Nilifundishwa siku ya kwanza kazini.